Bili ya Kodi ya Jengo Usiyoweza Kuilipa Yote: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Unguja na Pemba

Bili ya kodi ya jengo inapomfikia mtu asiye na fedha za kuilipa yote, mara nyingi huikunja, akaiweka pamoja na hati za nyumba, akasubiri mwezi wenye nafuu. Ndivyo ilivyotokea katika aila yetu. Nyumba ya marehemu baba iko mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, ina ghorofa moja juu na milango miwili ya maduka chini, na warithi tuko sita: mama, ndugu wawili wanaume na watatu wanawake. Kila mmoja alidhani mwenzake amelipa, na karatasi ikakaa kabatini kwa mama miaka miwili. Tulipoitoa, deni la mwaka wa pili lilikuwa limeshaungana na la kwanza, na juu yake kulikuwa na nyongeza za kuchelewa ambazo tungeziepuka lau mmoja wetu angekwenda ofisini mapema, hata kama angekwenda na robo tu ya fedha. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza katika kulimaliza deni lile, pamoja na yale niliyoyaona baadaye nilipowasaidia majirani kuandika barua zao.

Kwanza isome bili yenyewe

Kabla ya kufikiria fedha, hakikisha unaijua bili uliyonayo. Mwenye nyumba wa Zanzibar anaweza kupokea madai kutoka mikono mitatu au minne tofauti, na watu wengi huyaita yote "kodi ya nyumba". Kodi ya jengo haimo katika mambo ya Muungano, na kwa upande wetu inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyochukua nafasi ya iliyokuwa Bodi ya Mapato mwaka 2022. Kodi ya mapato, ikiwemo ile inayotokana na pango, ni jambo la Muungano, kwa hivyo inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania hata kama nyumba iko Wete au Jambiani. Malipo ya mwaka ya ardhi iliyokodishwa ni jambo jengine kabisa, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na aliyekodishwa hudaiwa kwa masharti ya mkataba wake. Mabaraza ya miji na manispaa nayo yana ada zao, kama za usafi na taka. Angalia kichwa cha karatasi, jina la ofisi, jina la kodi, mwaka unaodaiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Barua nzuri ikipelekwa kwenye ofisi isiyohusika haisimamishi kitu, na wakati huo siku zinakwenda.

Walio na nyumba pande zote mbili za bahari wachukue tahadhari moja zaidi. Tangu 2021 kodi ya majengo ya Tanzania Bara hukatwa kidogo kidogo pale mtu anaponunua umeme, na mwenye nyumba Dar es Salaam anaweza kuzoea hivyo hata akadhani nyumba yake ya Unguja imeshajilipia kwa njia hiyo hiyo. Utaratibu ule ulitungwa kwa sheria za Bara, na risiti ya umeme wa Dar es Salaam haiwezi kuwa ushahidi wa kodi ya jengo lililoko Zanzibar.

Yapo pia majengo ambayo aliyepokea bili siye anayepaswa kuilipa. Anayekaa katika nyumba ya wakfu ni mpangaji, hata kama aila yake imekaa humo tangu enzi za babu, na karatasi ikimfikia inafaa aipeleke Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Anayekaa kwa mkataba katika nyumba ya Shirika la Nyumba Zanzibar naye aipeleke huko. Asikae nayo kwa kudhani kuwa ofisi zitawasiliana zenyewe.

Ikiwa kiwango chenyewe si sahihi

Watu wengine hawashindwi kulipa, ila wanadaiwa zaidi ya inavyostahiki. Linganisha maelezo ya bili na jengo lilivyo: idadi ya ghorofa, matumizi yake kama ni makaazi au biashara, mtaa na shehia, na jina la mmiliki. Duka lililofungwa siku nyingi na kugeuzwa chumba cha kulala huenda bado limeandikwa kuwa ni duka. Katika Mji Mkongwe, ambako nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, ghorofa ya juu inaweza kuwa imeanguka dari na haikaliki tena, ilhali mthamini aliyepita njiani aliihesabu kwa kuangalia madirisha. Piga picha, omba barua ya sheha inayothibitisha hali na matumizi ya jengo, kisha wasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika bili au barua iliyoambatana nayo. Muda huo ukipita, hoja nzuri huwa ngumu kusikilizwa.

Kupinga kiwango hakukupi ruhusa ya kuacha kulipa kila kitu. Ile sehemu unayokubali kuwa ni halali ilipe, na katika barua yako eleza wazi kwamba kiasi fulani umekilipa kwa kuwa hukigombanii, na kiasi fulani ndicho unachokipinga. Ofisi ikikataa pingamizi, dai jawabu la maandishi, kwa sababu ngazi ya rufaa ya kodi inaanzia kwenye jawabu hilo na haianzii kwenye maneno uliyoambiwa dirishani. Usichanganye pingamizi na ombi la kulipa kwa awamu katika barua moja. Anayesema "hili deni si langu" na papo hapo akasema "naomba muda wa kulilipa" huidhoofisha kila hoja kwa nyengine.

Nyumba ya warithi

Hapa ndipo bili nyingi za kwetu zinapokwama, na hapa nitakaa kidogo.

Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu, kwanza tenganisha deni la kabla ya kufa kwake na deni la baada ya hapo. Kodi iliyokuwa inadaiwa alipokuwa hai ni deni la marehemu, na katika utaratibu wa mirathi ya Kiislamu madeni hulipwa baada ya gharama za mazishi, kabla ya wasia na kabla ya kugawa. Haifai warithi wakagawana fedha za benki na shamba la mikarafuu, kisha wakaliacha deni la nyumba likining'inia kana kwamba ni la mtu ambaye hayupo. Kama mirathi haijafunguliwa, ifungueni. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na Mahakama ya Kadhi ndiko mahala pake, na karatasi ya mirathi ndiyo itakayokupeni haki ya kuzungumza na ofisi ya kodi kwa jina la nyumba.

Kodi iliyopatikana baada ya kifo ni ya warithi kwa kadiri ya mafungu yao, maana wao ndio wenye nyumba. Tuseme bili ni shilingi 480,000, na waliobaki ni mjane, watoto wawili wanaume na watatu wanawake, kama sisi. Mjane ana thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, ambayo ni shilingi 60,000. Zinabaki 420,000, zinazogawika kwa mafungu saba: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Kila mtoto wa kiume anatoa 120,000 na kila wa kike anatoa 60,000. Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi na kila mmoja apewe nakala. Nimeona ndugu wanaopendana wakikosana kwa sababu tu hakuna aliyekaa na kalamu.

Hesabu ya mafungu hata hivyo haimalizi jambo, kwa sababu si wote wanaoitumia nyumba kwa kiasi kimoja. Kama ndugu mmoja anakaa humo bila ya kulipa pango, au anapokea pango la maduka, ni uadilifu achukue sehemu kubwa zaidi ya bili, au pango la maduka lianze kwa kulipa bili kabla ya kugawanywa. Sisi tulikubaliana kuwa pango la milango miwili lisigawiwe hata shilingi moja mpaka deni liishe. Mama hatukumdai fungu lake. Mzee ambaye tegemeo lake ni Pensheni Jamii, ile inayotolewa tangu 2016 kwa waliofikia umri wa miaka 70, hapaswi kuombwa thumuni na watoto wenye mishahara, na hili nalisema kwa moyo wangu wote.

Ndugu akikataa kutoa, wengine wasisimame. Lipeni mafungu yenu, hifadhini stakabadhi, na muandikieni barua ya kumjulisha kiasi mlicholipa kwa niaba yake, ili kitolewe katika fungu lake la pango au la mauzo siku moja. Ofisi ya kodi inalitazama jengo kuwa moja. Haitampa mtu nafuu kwa kuwa nduguye wa Muscat hapokei simu.

Hesabu unachokiweza, kwa msimu wako

Ukishajua deni ni lako na ni sahihi, kaa uandike mapato na matumizi ya miezi mitatu au minne iliyopita. Andika chakula, umeme, maji, skuli, dawa na madeni mengine, kisha uone kinachobaki. Usiandike unachotamani kukilipa. Ahadi ya shilingi 100,000 kwa mwezi inayovunjika mwezi wa pili ina madhara zaidi kuliko ahadi ya 50,000 inayotimizwa mpaka mwisho, kwa sababu ukivunja makubaliano mara moja, ombi la pili halipokewi kwa sura ile ile.

Mipango mingi ya awamu hushindwa kwa kuwa imepangwa kama kwamba kila mtu ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkulima wa Pemba anapata fedha katika msimu wa karafuu, anapopeleka mzigo wake Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Nje ya msimu anaishi kwa muhogo na uvuvi mdogo. Mkulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja anakwenda na bamvua. Mwenye nyumba ya wageni Paje au Nungwi anajua kuwa masika, Aprili na Mei, vyumba hukaa vitupu. Lieleze hili waziwazi katika ombi lako, na pendekeza awamu ndogo katika miezi ya shida na kubwa katika miezi ya mavuno au ya wageni. Afisa anayesoma ombi lenye sababu na tarehe ana kitu cha kukipeleka kwa mkubwa wake. Anayesoma "naomba munifikirie hali yangu ngumu" hana kitu mkononi hata akikuonea huruma.

Kama jengo lina mpangaji mzuri, inawezekana kumuomba atangulize miezi miwili au mitatu ya pango. Muandikiane, na fedha hizo ziende moja kwa moja kwenye bili. Karadha ya ndugu isiyo na ziada pia ni njia. Mikopo ya haraka ya mitaani, ile inayodai ziada kila wiki na kuchukua kadi yako ya benki, siishauri hata kidogo. Utatoka kwenye deni la serikali lenye utaratibu na kuingia kwenye deni lisilo na mlango wa kutokea.

Lipa sehemu, kisha andika

Lipa kiasi ulichonacho kabla ya tarehe ya mwisho, hata kikiwa kidogo, kisha peleka barua ikiwa imeambatishwa nakala ya stakabadhi. Malipo ya sehemu yanapunguza kiasi kinachoweza kuongezewa nyongeza, na yanaonyesha nia kabla hujafungua mdomo. Omba namba ya malipo, ulipe kwa benki au kwa simu kupitia mfumo wa malipo ya serikali, na kabla ya kubonyeza hakikisha jina linalotokea ni la taasisi inayokudai. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu akakulipie, awe dalali, awe jirani anayejuana na mtu wa ofisini. Namba ya malipo ikitoka kwa kiasi chote na mfumo ukakataa kiasi pungufu, rudi ofisini uombe namba ya kiasi unachokiweza, na uandike tarehe uliyokwenda.

Barua isiwe ndefu. Mfano huu unaweza kuubadilisha kwa hali yako:

*Kamishna Mkuu,*
*Mamlaka ya Mapato Zanzibar.*

*KUH: OMBI LA KULIPA KWA AWAMU KODI YA JENGO*

*Kwa heshima, husika na mada ya hapo juu. Mimi ni msimamizi wa mirathi ya nyumba iliyopo katika shehia ya (jina), yenye bili namba (namba) ya shilingi 480,000.*

*Nimelipa shilingi 120,000 tarehe (tarehe), na stakabadhi nimeiambatisha. Kilichobaki ni shilingi 360,000, ambacho siwezi kukilipa kwa mara moja kwa kuwa pato la nyumba hii ni pango la maduka mawili tu, kama mikataba iliyoambatishwa inavyoonesha. Naomba kukilipa kwa awamu sita za shilingi 60,000, kila tarehe 10 ya mwezi, kuanzia mwezi ujao.*

*Naomba pia kujulishwa kwa maandishi iwapo nyongeza za kuchelewa zitaendelea kuhesabiwa katika muda huo, na utaratibu wa kuomba kusamehewa nyongeza zilizokwishawekwa.*

*Natanguliza shukurani.*

Weka jina, sahihi, namba ya simu na nakala ya kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi. Peleka nakala mbili, na ile yako igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Usitoke ofisini bila muhuri huo. Barua yetu ya mwanzo ilipotea katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja, na kwa kuwa tuliipeleka bila ya nakala, ilikuwa kama hatukuandika kitu.

Kumbuka kuwa kulipa kwa awamu ni jambo unaloliomba na hulidai, na kwamba deni la msingi na nyongeza za kuchelewa ni vitu viwili. Kupata unafuu katika nyongeza, hasa kwa mwenye sababu kama maradhi, msiba au bili iliyopelekwa anuani isiyo yake, ni jambo la kutarajiwa zaidi kuliko kufutiwa deni lenyewe. Kwa hivyo vyeti vya hospitali na cheti cha kifo visiachwe nyumbani.

Ukiitwa kuzungumza, nenda na mtu mmoja anayejua hesabu zako, na jibu unachoulizwa. Makubaliano yakipatikana, yasome kabla ya kutia sahihi: tarehe, kiasi cha kila awamu, kinachotokea ukichelewa siku chache, na kama bili ya mwaka mpya itasimama peke yake. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na anayelipa deni la zamani bila ya kutenga kitu kwa ajili ya bili mpya atajikuta pale pale alipoanzia.

Awamu ikikushinda, au barua kali ikifika

Ukiona mwezi huu huiwezi awamu, nenda kabla ya tarehe yake. Lipa nusu na uombe kusogezewa iliyobaki, tena kwa maandishi. Siku tano kabla ya tarehe wewe ni mlipaji mwenye shida, na siku tano baada yake umeshakuwa mvunja makubaliano, hata kama sababu ni ile ile.

Barua ya onyo la mwisho isichukuliwe kama karatasi ya kutisha watu. Mkusanyaji wa kodi huwa na nguvu za kisheria za kulifuata deni, na miongoni mwa njia zinazotumika katika ukusanyaji wa kodi ni kukamata mali na kumuelekeza mtu unayemdai au anayekushikia fedha, kama mpangaji au benki, azipeleke kwa mamlaka badala ya kwako. Ikifika hatua hiyo, tafuta msaada wa kisheria siku hiyo hiyo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinawahudumia wasio na uwezo wa kumlipa wakili, Unguja na Pemba, na wasaidizi wa sheria wapo pia katika maeneo mengi. Nenda na mfuko mzima wa karatasi: bili, stakabadhi, barua zenye muhuri, na karatasi ya mirathi.

Usikimbilie kuuza. Nyumba ya warithi iliyouzwa kwa haraka kwa sababu ya bili huuzwa kwa bei ya mnunuzi, na mnunuzi mwenye busara atakata deni hilo hilo katika bei. Ikiwa kuuza ndiko kunakobaki, warithi wote wakubali kwa maandishi, na kiasi cha deni kiandikwe katika mkataba kwamba ni nani atakayekilipa na lini.

Awamu ya mwisho ikilipwa, rudi ofisini uombe taarifa ya hesabu inayoonesha kuwa jengo halidaiwi kitu mpaka tarehe hiyo, kwa sababu inatokea mfumo ukaendelea kuonesha baki ndogo ya nyongeza inayokua bila ya mtu kujua. Karatasi hiyo itiwe katika mfuko mmoja na hati ya nyumba na stakabadhi zote kwa mpangilio wa tarehe, itolewe nakala kwa kila mrithi, na ichaguliwe kwa jina lake mtu mmoja wa aila atakayekwenda kuulizia bili mpya kila Julai.